Mbona 0.1 + 0.2 haiji 0.3 kwenye JavaScript?

Swali: Habari mkuu, naandika kikokotoo cha bei kwa JavaScript. Nikijumlisha 0.1 na 0.2 naletewa 0.30000000000000004, nikaweka toFixed(2) ikawa 0.30 safi, ila nikiongeza 5 hapo inakuja 0.305. Nakosea wapi?

Jibu: Salama mkuu. Hapo kuna mambo mawili yamegongana, na hilo la mwisho ndo linaloharibu hesabu yako. toFixed haikurudishii namba, inakurudishia stringi, yaani maandishi, na alama ya + ikikuta maandishi upande wowote haijumlishi tena, inaunganisha, kwa hiyo "0.30" na 5 zinashikana tu. Ungetoa badala ya kujumlisha ungepata -4.7 vizuri kabisa, ndo maana kosa hili linajificha sana. toFixed iache kwa ajili ya kuonyesha, basi.

Sasa ile 4 ya mwisho. Namba ya kawaida ya JavaScript, iwe 5 au 0.1, inakaa kwenye biti 64: 1 ya chanya au hasi, 11 za kipeo, 52 za tarakimu zenyewe, na zote ni 0 na 1 tupu. Ukigawa 1 kwa 3 kwa mkono unaandika 0.3333 mpaka uchoke, sivyo? Basi 0.1 kwa msingi wa mbili nayo haiishi, lazima ikatwe mahali, kwa hiyo kinachohifadhiwa ni jirani yake wa karibu. Python na Java zinakupa jibu hilohilo.

Dawa ni kupiga hesabu kwa senti, namba nzima, 10 + 20 ni 30, halafu ugawe kwa 100 pale unapoonyesha tu. Ila kuwa makini sana unapobadilisha, maana 19.99 * 100 inatoa 1998.9999999999998, ukikata desimali kwa Math.trunc unabaki na 1998 na senti ya mtu imepotea hivihivi, tumia Math.round.

Namba nzima nazo zina mwisho wa usalama, 9007199254740991. Andika 9007199254740993 kwenye konsoli uone, itakujibu inayoishia na 2, bila onyo lolote. Kwa hiyo ID ndefu za seva zije kama stringi, BigInt (aina ya namba nzima isiyo na kikomo hicho) haitakuokoa kama JSON.parse, ile inayosoma data iliyotoka kwenye seva, imeshaisoma kama namba.