Nenda, lakini usiende kuitafuta sauti ya kwenye kanda

Dada mleta mada, umeuliza kama inafaa utoke Lamu mpaka Malindi kumsikiliza bibi wa taarabu aliyenyamaza miaka na miaka, au ubaki na kanda zako usije ukazitia doa. Mimi yalinikuta hayo hayo.

Wangu mimi (jina nalihifadhi, mwenyewe hapendi) aliacha kuimba aliporudi hija. Huku kwetu si ajabu. Miaka kumi na miwili hakushika maikrofoni, mpaka mjukuu wake alipoolewa Shela, mtaa wa Malindi, ikasemekana ataimba mbili tu. Nikapanda boti mpaka Mokowe, kisha basi. Hiyo safari waijua, siisemi.

Wimbo wa kwanza uliniumiza, sikufichi. Mzee wa kinanda alianzia palepale pa kwenye kanda, bibi akapanda, sauti ikakwama kooni. Wanawake ukumbi mzima kimya. Hakuona haya. Aligeuka, akamwashiria mzee kwa kiganja chenye hina: shuka, teremsha sauti. Mzee akashuka. Shuka tena. Mpiga tashkota, ala ile ya nyuzi, akabaki anahangaika na nyuzi zake, ngoma ya dumbaki ikimngoja taratibu.

Hapo ndipo aliponikamata. Kuna ubeti una neno ziwa, ziwa lililokauka. Nimeuimba jikoni miaka ishirini nikidhani ni ziwa la maji, fumbo la mume aliyehama, kwani kwenye kanda anaupita mbio. Safari hii, kwa sauti ile nzito, alisita kwenye neno lenyewe, akaweka mkono kifuani. Kumbe ni ziwa la mama, la kunyonya! Wimbo mzima ni wa mtoto aliyefiwa naye. Wenzangu walikuwa wakiinuka kutuza, noti zikikunjwa na kutiwa mkononi mwake. Bibi mmoja mbele yangu hakuinuka, alijifunika uso kwa leso.

Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Malindi hiyohiyo, alifariki 2014 nami nikiwa bado nasema iko siku nitakwenda kumsikiliza. Ninazo kanda zake tele, zile tuni za filamu za Kihindi, mashairi ya jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Ila kwenye kanda mkono hauonekani ulipowekwa, na hilo bado linanichoma.

Ukienda, usikae karibu na spika, utasikia makelele tu. Kaa upande wa kinanda. Mimi nilivutwa na mama mmoja, "Ndoo (njoo), kaa hapa," nikambariki usiku kucha. Beba noti ndogondogo. Simu iache mkobani: binti aliyeinua yake alikatiwa jicho na bibi mwenyewe katikati ya ubeti, na ukumbi ukamgeukia, maskini.

Mbili alizoahidi zikawa nne. Tulipomwomba ya tano alicheka, akasema sauti ingekubali, lakini magoti hayakualikwa.