Zumu mara 160 iko kwenye boksi, haiko kwenye lenzi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mikindani, napenda kupiga picha za ndege kule mikokoni, na jioni ngoma za harusini. Nimepata kamera ndogo iliyotumika, Canon PowerShot SX740. Muuzaji wa Mtwara mjini anasema ina zumu mara 160 na megapikseli 20, kwa hiyo inaiacha mbali Sony RX100 ya rafiki yangu, ile ya kwanza, yenye megapikseli hizo hizo 20 na zumu isiyofika hata mara 4. Nichukue?

JIBU: Marahaba. Kwa ndege chukua, kwa ngoma utajuta. Ila kwanza tuimalize hiyo 160, maana haipiti wiki bila mtu kuniletea namba ya aina hiyo kibandani.

Igeuze kamera uitazame lenzi usoni. Pembeni ya kioo pameandikwa 4.3–172.0mm. Gawa 172 kwa 4.3, unapata 40. Hiyo ndiyo zumu ya lenzi, na haiongezeki hata ukiisomea dua. Muuzaji amechukua 40 akazidisha kwa 4, na hiyo 4 ni zumu ya dijitali, yaani mkasi. Kamera inakata kipande cha katikati, inatupa kingine chote, halafu inakitanua kile kipande mpaka kijaze picha. Ukivuta mara 4 kwa mkasi huo, upana unabaki robo na kimo robo, kwa hiyo katika megapikseli zako 20 umebakiwa na moja na ushei. Zilizobaki kamera imezibuni. Mdiria wako atatoka kama kachorwa kwa brashi iliyolowa. Kukata huko unaweza kukata mwenyewe nyumbani kwenye simu, tena ukachagua pa kukata. Ingia kwenye menyu, uizime.

Sasa hizo 20 na 20. Sensa, yaani kibamba cha ndani kinachopokea mwanga na kuutengeneza picha, kwenye SX740 ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ya RX100 ni 13.2 kwa 8.8, eneo lake mara 4. Chukua vikombe 20, kila kimoja ni megapikseli na mwanga ndio maji ya kuvijaza, uvipange kwenye sinia, na vingine 20 kwenye kisahani cha chai. Vya kisahani lazima viwe vidogo kuliko hata vya kahawa. Mchana kweupe vyote vinajaa. Jioni, taa za harusi zikiwa mbili tatu, vya kisahani vinapata matone, na matone hayo ndiyo chenga unazoziona kwenye picha. Tena lenzi ya RX100 inaanza f/1.8, yako f/3.3 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia), na ukiivuta hadi mwisho inafika f/6.9, ambapo mwanga unaoingia ni chini ya robo ya ule wa mwanzo. Rafiki yako akisimama karibu na wapiga ngoma atakushinda. Asubuhi, yangeyange akiwa ng'ambo ya maji, utamshinda wewe. Kamera yako haina tundu la kuchungulia, kwa hiyo jua likipanda hutaiona picha kwenye skrini. Wahi mapema, kabla mvuke wa joto haujaanza kucheza juu ya bahari.

Kabla ya kutoa hela, toka nayo nje. Vuta na urudishe lenzi mara kumi huku umeisogeza sikioni. Ukisikia mkwaruzo, ni mchanga, na huku kwetu pwani mchanga ndio muuaji wa lenzi zinazotoka na kurudi. Piga ukuta mweupe ukiwa umevuta hadi mwisho: doa lisilohama ni vumbi au kuvu ndani.

Ukikuta imekwama, usiipeleke kwa mtu wa kupulizia mafuta, nakuomba. Msimu wa korosho uliopita nililetewa moja iliyonyunyiziwa mafuta ya kulainisha bawaba za mlango. Nilipoifungua, vile vijani vyembamba vinavyopunguza mwanga vilikuwa vimegandana, na kioo cha nyuma kina utando kama sufuria ya samaki. Kilichohitajika mwanzoni ni brashi na subira. Aliyepulizia alishalipwa, na mwenye kamera akataka mimi nimrudishie.

Hata hivyo wewe umeonyeshwa kamera halisi. Wanaoniuma zaidi ni wanaoletewa "kamera mpya" za bei chee, boksi limeandikwa megapikseli 48, zumu mara 16. Juzi kijana wa Lindi kaja na moja. Kusoma lenzi, namba ya milimita ilikuwa moja tu, haina ya kugawanya wala kugawanywa. Lenzi hiyo haivuti chochote. Zumu yote ni mkasi, na mara nyingi hata hizo 48 ni picha ndogo iliyotanuliwa. Simu aliyokuwa ameishika mkono wa pili ilikuwa inapiga vizuri zaidi.