Bao moja halimgaragazi mtu

Msomaji wetu wa Tanga amekutana na neno “drubbing” katika habari ya mpira iliyoandikwa kwa Kiingereza, naye anauliza maana yake, asili yake na jinsi ya kulisema kwa Kiswahili.

Ni kipigo kikubwa kisichoacha ubishi. Watunga kamusi wengi wanaliona limetokana na kitenzi cha Kiarabu daraba, yaani kupiga, lililoingia Kiingereza katika karne ya 17 kupitia habari za wasafiri walioeleza adhabu ya kuchapwa bakora kwenye nyayo katika nchi za Mashariki. Sisi tunaye ndugu yake: dharuba, pigo na pia tufani, ni ya mzizi huohuo.

Kulitafsiri basi si kazi. Kazi ni kupata neno ambalo waandishi wetu wa michezo hawajalichakaza. Juzi nimesoma kwamba timu fulani “imegaragazwa” bao 1-0, tena kwa penalti ya dakika ya 88! Mtazame punda aliyetuliwa mzigo: hulala mchangani, akageukia ubavu huu na ule, miguu juu, vumbi likitimka. Huko ndiko kugaragara. Anayegaragazwa ameangushwa, akabiringishwa mavumbini mbele za watu, na hana nguvu ya kuinuka. Timu iliyosimama imara dakika 87 ilibiringishwa saa ngapi? Imefungwa, na kitenzi kufungwa hakijapungukiwa na kitu hata kikahitaji kusaidiwa.

Tarehe 8 Julai 2014, mjini Belo Horizonte, Ujerumani iliifunga Brazil 7-1, mabao matano yakiwa yameingia kabla ya nusu saa kutimia. Simba iliifunga Yanga 5-0 mwezi Mei 2012. Yanga ikalipa 5-1 mwezi Novemba 2023. Hao waligaragazwa kweli, na mwandishi aliyekwisha kulimwaga neno hilo kwenye bao moja la penalti atawaandikia nini?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, andika kipigo kikali, kugaragazwa au, ukipenda kuwakutanisha ndugu wawili, dharuba. Mimi siandiki lolote kati ya hayo tofauti ikiwa chini ya mabao manne. Mtangazaji wa redio namstahimilia, maana ulimi wake unakimbizana na mpira, lakini mhariri aliyekaa mezani na kalamu mkononi hana udhuru huo.