Mnaoanza zimamoto na ambulansi: mkanda hauokoi kiuno

Mdogo wangu aliyeuliza kama anunue mkanda wa mgongo kabla ya kuripoti mafunzo ya zimamoto, na kama ni kweli watu wa ambulansi wote huishia kuumwa kiuno: jibu langu ni refu kidogo, nivumilie. Nipo kwenye gari la wagonjwa hapa Dar kwa miaka mingi, na kwenye ajali za barabarani tunafanya kazi bega kwa bega na vijana wa Zimamoto. Kwa hiyo mengine ninayoandika ni ya kwao, ila nimeyaona kwa karibu.

Mkanda achana nao. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya makazini, ilishasema 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unamkinga mtu ambaye hajaumia asiumie. Utafiti wao mkubwa wa wafanyakazi wa madukani uliotoka 2000 nao haukuona tofauti kati ya wanaouvaa kila siku na wasiouvaa. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu akishajifunga anajiona trekta.

Hata ile "kunja magoti, nyoosha mgongo" tuliyofundishwa wote, peke yake haitoshi. Piga hesabu. NIOSH haohao wanaweka kilo 23 kuwa kikomo cha mtu mmoja kunyanyua pale mambo yote yalipo sawa: mzigo uko karibu na mwili, una pa kushika, hujipindi. Sasa chukua mgonjwa wa kilo 80 juu ya machela ya magurudumu yenye kilo 35. Mkiwa wawili, kila mmoja ana zaidi ya kilo 57. Tena hamgawani sawa, kwa sababu kichwa na kiwiliwili ndiko uzito mwingi uliko, na aliyesimama upande huo ndiye anayeumia. Magoti hayafuti hesabu hiyo. Ongeza mikono, au punguza kimo cha kunyanyua.

Kwenye kimo ndipo penye balaa letu. Ambulansi nyingi za huku ni Land Cruiser, gari zuri kwa njia mbovu, lakini sakafu yake iko juu mno. Niagara kule Kanada waliweka machela za umeme pamoja na mfumo wa kuzipakia garini, na majeraha ya wahudumu yanayotokana na machela yakapungua kwa zaidi ya robo tatu. Sisi tunatumia ardhi. Dereva anayejua kazi haegeshi tu popote. Anarudisha gari kinyumenyume kuelekea mahali palipoinuka, kwenye kilima kidogo au ukingo wa barabara, ili nyie mnaopakia msimame juu na matairi ya nyuma yawe chini. Ukipata hata sentimita 20 utaziona kiunoni zamu ikiisha. Anayepokea ndani apige goti, asiiname akavuta. Na kabla hamjanyanyua kubalianeni: ni kwenye "tatu" au baada ya "tatu"? Unacheka, lakini nimeona watu wakinyanyua kwa kupishana, na yule aliyetangulia akabaki na mzigo wote peke yake.

Mikono nayo ipo tele, tatizo ni kuipanga. Ukifika Manzese au Tandale gari haliingii uchochoroni, na ndugu wa mgonjwa wameshamkamata makwapani na miguuni wanataka kukimbia naye. Usigombane nao. Wape kazi: "Mjomba, shika hapa. Kaka, wewe hapa. Tunatembea, hatukimbii." Watu sita na shuka nene, au machela ya turubai yenye mishikio pembeni, ni bora kuliko wahudumu wawili wanaojikaza kisabuni. Kwenye njia ndefu mtue, mbadilishane pande, msonge tena.

Kwenye ngazi za ghorofa za Kariakoo, umeme ukikatika na lifti imelala, kama mgonjwa anaweza kukaa na hakuna shaka ya uti wa mgongo, mshushe kwa kiti, si kwa machela. Anayeshuka kinyumenyume haoni nyuma yake, kwa hiyo awepo wa tatu wa kumshika mgongoni na kumhesabia ngazi. Kumhamisha mtu kutoka kitanda kwenda machela, usimnyanyue kabisa: sawazisha vimo, pitisha kipande cha nailoni inayoteleza chini ya shuka lake, mvute.

Kwa upande wenu wa Zimamoto, adui ni mpira wa kuzimia moto uliojaa maji. Mpira wenye kipenyo cha milimita 45 na urefu wa mita 20 unabeba takribani kilo 32 za maji. Ule wa milimita 70 unakaribia kilo 77. Kwa hiyo uvute ukiwa mtupu, uulaze kwa mikunjo mipana karibu na pa kuingilia, halafu ndipo uombe maji. Moto ukizimwa, maji yatoke yote kabla ya kuukunja. Kingine ni kuruka kutoka kwenye gari ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Geukia gari, shika vishikio, shuka hatua kwa hatua. Magoti na vifundo vya miguu vinaharibikia hapo, wala si motoni.

Mazoezi ndiyo, lakini yale ya kubeba na kutembea na ya kuinama kwa nyonga ukiwa na uzito. Sit-up za alfajiri ziache. Diski za mgongo, vile visahani laini vilivyo kati ya pingili, hunyonya maji usiku, na saa ya kwanza baada ya kuamka ndipo kuinama kunazibana zaidi. Ndiyo maana king'ora cha saa tisa usiku ni hatari: ukielekea garini jinyooshe, usikurupukie mzigo mzito wa kwanza peke yako.

Mwisho, ukiumia, andika kwenye kitabu cha zamu siku hiyohiyo na umjulishe mwajiri kwa maandishi. Kwa Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, lakini ukinyamaza na kumeza diklofenaki miezi miwili utaambiwa umeumia ukilima kwenu. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, mwenzetu aliambiwa ni uzee, akiwa na miaka 31. Na ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au ukakutoka bila kujua, au mguu ukalegea, usisubiri zamu iishe. Nenda hospitali muda huohuo.