Kumbukumbu ya GB 4 na Windows 11

Ndugu wa Chumbageni, umeuliza kama kompyuta mpakato yako yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 4 itaimudu Windows 11, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa masharti ya Microsoft, GB 4 zinakubalika. Kwa kazi za kila siku hazitoshi, maana mfumo wenyewe humeza sehemu kubwa kabla hujafungua hata barua moja. Mimi nilivumilia hali hiyo miezi mitatu hapa Ngamiani, nikibonyeza faili kisha nikaenda kuchemsha chai, hadi nilipofikisha GB 8.

Hata hivyo, kabla hujanunua chochote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike tpm.msc, kisha utazame toleo la TPM, yaani kifaa cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta: likiwa chini ya 2.0, kuongeza kumbukumbu hakutakidhi masharti ya Microsoft. Hakikisha pia kama kumbukumbu yako ni ya aina ya DDR3 au DDR4, kwani moja haiwezi kupachikwa mahali pa nyingine, na uhifadhi nakala za kazi zako kwanza. Ukifungua mfuniko ukakuta vijino vya kupachikia kumbukumbu vimeota kutu ya kijani, kama upepo wetu wa chumvi unavyofanya, usivikwangue kwa kisu, mpelekee fundi.