Bei mbili za miwani kwa cheti kimoja

Dada, kama duka la Mwanjelwa hapa Mbeya na lile la mjini wamekutajia bei zinazopishana karibu mara mbili kwa cheti kilekile, usiseme bado kwamba mmoja anataka kukupiga. Mara nyingi hawauzi kitu kimoja. Rudi uombe mchanganuo wa maandishi: fremu peke yake, lenzi peke yake, kila nyongeza peke yake, na kama kupima macho kumo ndani ya bei.

Lenzi ndiyo inayokula hela. Uliza ni ya plastiki ya kawaida, yaani yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.5, au ile nyembamba ya 1.6 au 1.67. Wewe umeandikiwa nguvu ya lenzi -1.25 macho yote. Kwa namba hiyo kulipia wembamba ni kutupa hela. Mwenye -6 ndiye wa kuhangaikia hilo, maana ya kawaida itakuwa nene sana pembeni.

Nyongeza ya kuzuia mng'ao chukua, hasa kama unaendesha usiku. Lenzi zile zinazogeuka nyeusi juani fikiria kwanza: baridi yetu ya Juni na Julai huzifanya ziwe nyeusi zaidi na zichelewe kurudi ukiingia ndani, na kwenye gari hazigeuki sana kwa sababu kioo cha mbele huzuia miale inayozigeuza.

Umbali kati ya mboni uandikwe kwenye cheti. Na uliza kabla ya kulipa: wakikosea namba, wanarudia bure?