Jibu: Minywele myeusi kwenye kamba za mwani

Dada, umeuliza kama ile minywele iliyozonga kamba zako hapo kijijini Mlingotini ni ukungu tu, na kwa nini mikono inawaka ukishaibandua. Pole kwanza. Kwa ulivyoieleza, inateleza na ukiivuta linatoka fumba zima kama rasta zilizofumuliwa, mimi naona ni Lyngbya. Huyo si ukungu wala mwani, ni sayanobakteria: bakteria wanaojipikia chakula kwa jua kama majani.

Kinachokuwasha ni sumu zake, mojawapo lingbiatoksini. Mwaka 1958 huko Hawaii waogeleaji walitoka malengelenge kwa sababu hiyohiyo, hasa pale nguo ilipobana uchafu kwenye ngozi. Kwa hiyo ukitoka majini vua zile nguo hapohapo, oga maji baridi na sabuni, usijisugue. Bamvua lijalo vaa glavu na mikono mirefu. Na usiianike karibu na nyumba; ikikauka vumbi lake linawasha macho na pua. Macho yakivimba au ukibanwa kifua, nenda zahanati, usingoje.

Kuhusu aliyekwambia "ni dawa ya kansa": hajakosea kabisa, ila asikuchemshie! Ndugu zake hawa bakteria hutengeneza kemikali iitwayo dolastatini, na kutokana na umbo lake maabara zilitengeneza dawa ya saratani ya tezi za limfu iliyoidhinishwa Marekani 2011. Hiyo hutiwa kwa dripu hospitalini, kwa vipimo vya miligramu.

Tai-tai (vile vikamba vya kufungia mwani) zilizozongwa sana zikate tu, funga mpya.